Mwanza hadi Dubai: hesabu niliyoikosea Dar

Ndege ya Dubai iliniacha nikiwa nimeshafika uwanja wa Dar es Salaam, begi mkononi. Imeniuma, ndiyo maana naandika, hasa kwa ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Mwanza hadi Dar angani ni takriban kilomita 850, ingawa barabara ya Shinyanga, Singida na Dodoma inapita 1,100. Ndege inatumia kama saa moja na dakika 20. Dar hadi Dubai ni karibu kilomita 4,000, saa tano na nusu hivi. Natua saa nane mchana, naondoka 16:45, yaani saa kumi na dakika 45. Nikaona nafasi ipo tele.

Tulichelewa kuruka dakika 50. Kisha mizigo. Nilisimama pale kwenye mkanda nikiliangalia boksi la samaki lililofungwa kamba ya bluu likizunguka mara tatu, begi langu halijatokea. Nusu saa ikaisha. Kwa kuwa nilikata tiketi mbili mbalimbali, nililazimika kuchukua mzigo, kutoka Terminal 2 na kutafuta usafiri wa kwenda Terminal 3, jengo jingine kabisa, linalohudumia safari za nje tangu 2019. Nilipomaliza ukaguzi wa mlangoni ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi. Kaunta hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka. Dakika tano tu, na nauli yote ya Dubai ikapotea.

Kwa hiyo, ukiweza, kata tiketi moja ya safari nzima hata ikizidi bei kidogo. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo linalokutafutia nyingine. Ukishindwa, toka Mwanza asubuhi na mapema, au siku moja kabla ulale kwa ndugu Dar. Mimi sasa naacha saa sita kati ya ndege na ndege, na siombi radhi kwa hilo.

Muda wa kufika nao usome vizuri: tiketi huandika saa za mahali unapotua, na Dubai wako mbele yetu kwa saa moja. Ukiondoka 16:45, utatua kama 23:15 kwa saa zao. Huo ndio muda wa kumpa mwenyeji wako.

Halafu kuna saa za usiku. Mama yangu mdogo alikatiwa tiketi ya Ijumaa, 01:30. Akasoma saa moja na nusu, akaaga majirani Ijumaa jioni, kumbe ndege ilishaondoka saa saba na nusu usiku wa kuamkia Ijumaa hiyo. Ukimkatia mzee tiketi ya namna hiyo, mwandikie juu yake kwa kalamu, herufi kubwa: RIPOTI ALHAMISI SAA NNE NA NUSU USIKU.