Upepo wa kusi na jabali fupi: kwa nini glaida inabamizwa nyuma?

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Mtende, Kusini Unguja. Mgeni mmoja aliyekaa kwetu aliniachia glaida ya rimoti, yaani kindege cha kuteleza hewani, ile ya povu isiyo na mkia, bawa tupu. Kutoka ncha hadi ncha ni mita 1.2, na kwenye mizani ya duka ilionesha gramu 500 pamoja na betri. Haina injini. Kusi ikivuma naenda nayo juu ya majabali na kuitupa kuelekea baharini. Inaruka vizuri dakika moja hivi, halafu ama inashuka taratibu mpaka majini, ama nikiigeuza inapita juu ya kichwa changu na kubamizwa vichakani. Kwenye video za Ulaya watu wanarusha saa nzima. Jabali letu ni kama mita 6 au 7 tu, je, ni fupi mno? Rafiki yangu ananishauri niongeze uzito puani ili ikate upepo. Na je, kwenye vilima vya Pemba si kungefaa zaidi?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na ushauri wa rafiki yako, maana ukiufuata leo kesho hutakuwa na glaida. Usiongeze hata gramu moja kwa sasa, na puani usiongeze kabisa. Bawa lisilo na mkia lina sehemu moja tu linapokubali kusawazika, na sehemu hiyo hupimwa kwa milimita. Uzito ukisogea mbele, itakubidi uvute usukani muda wote ili pua isizame. Vile vipande viwili vya nyuma ya bawa vitabaki vimenyanyuka kama breki, na glaida itashuka haraka zaidi kuliko ilivyo sasa. Siku utakapohitaji uzito, utauweka palepale kwenye kitovu cha mizani, yaani pale glaida inaposawazika ukiishikilia kwa vidole, nusu kushoto na nusu kulia.

Siku hiyo bado, na hesabu yake ni hii. Bawa lako nalikadiria lina eneo la desimita za mraba 30. Kwa gramu 500, kila desimita ya mraba inabeba gramu 17 hivi, na huo ni wepesi mzuri. Glaida ya namna hiyo hupoteza ubebaji ikienda chini ya kilomita 21 kwa saa, na ikiwa na mwendo mzuri hushuka karibu sentimita 80 kila sekunde. Ukiongeza gramu 200, kasi ya chini kabisa inapanda hadi kilomita 25, na mshuko nao unaongezeka kwa kiasi hichohicho, kama asilimia 18. Kinachoibeba glaida yako ni upepo unaolipiga jabali na kulazimika kupanda. Kwa hiyo utakuwa unahitaji hewa inayopanda kwa nguvu zaidi, na jabali la mita 6 halina hewa ya kupoteza.

Sasa ufupi wa jabali. Si fupi mno. Mwaka 1911 Orville Wright alikaa hewani dakika 9 na sekunde 45 bila injini, yeye mwenyewe akiwa ndani, juu ya kilima cha mchanga cha Kill Devil Hills huko Marekani. Kilima hicho kina kimo cha mita 30 hivi, na rekodi yake ilidumu miaka 10. Kilichombeba ni upepo mkali uliokipiga kilima uso kwa uso. Wewe una nusu kilo ya povu, na bahari iliyo mbele yako haina mti wala nyumba ya kuuvuruga upepo kabla haujakufikia. Ufupi unakupunguzia jambo moja tu: ukanda wa hewa inayopanda unakuwa mwembamba. Kwa jabali kama lako, nguvu yake iko mbele kidogo ya ukingo na juu yake kwa kimo kama cha jabali lenyewe, pengine mara mbili siku ya upepo mzuri. Ukitoka nje ya hapo mita 15 kuelekea baharini, uko kwenye hewa ya kawaida na unashuka. Hao wa kwenye video wana ukanda wa mita 100 wa kuchezea, wakikosea, wanarudi. Wewe una wa mita 10.

Ndiyo maana mwelekeo wa upepo kwako ni muhimu kuliko kasi yake. Upepo ukilipiga jabali kwa pembe ya mraba, wote unalazimika kupanda. Ukija kwa mshazari wa nyuzi 45, sehemu inayopanda ni kama asilimia 70 tu. Unaobaki unateleza kando ya ukuta na kwenda zake. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa Paje na Jambiani zimejaa wachezaji wa kaiti, wale wanaovutwa juu ya maji na tiara kubwa, basi hata glaida zitaruka huko. Wale wa kaiti wanapenda upepo unaokwenda sambamba na ufukwe, au unaoingia kwa mshazari, kwa sababu unawapeleka na kuwarudisha. Kusi ikitoka kusini kwenye ufukwe unaotazama mashariki ni raha kwao, lakini glaida haipati kitu. Pwani yenu ya Mtende kwa jumla inatazama kusini, kwa hiyo kati ya Juni na Agosti mmebahatika. Kaskazi ikianza, kama Desemba hivi, sahau Mtende kabisa na utafute ukingo unaotazama kaskazini-mashariki. Na wakati wa maleleji, upepo unapogeuka mara tatu kwa siku, kaa nyumbani utengeneze sevo, vile vimota vinavyosogeza vipande vya nyuma ya bawa.

Lakini kuna jambo hukuliandika, nami nadhani ndilo linalokuangusha majini: unasimama wapi? Kama ni palepale juu ya ufukwe wa mchanga, ule uliobanwa na majabali pande mbili, hapo umechagua pabaya. Upepo ukikuta uwazi hauna sababu ya kupanda ukuta. Huingia kwenye uwazi huo. Na kwenye pembe ya jabali, pale panapochomoza kama rasi ndogo, hugawanyika kushoto na kulia. Tafuta kipande kilichonyooka, chenye urefu wa mita 100 au zaidi bila pengo, na usimame katikati yake. Kama mwewe au kunguru wanapenda kuning'inia mahali fulani bila kupiga mbawa, nenda ukasimame hapohapo, wao wameshapima.

Tuje kwenye kubamizwa vichakani. Majabali yetu ya matumbawe yana umbo baya kwa mchezo huu. Mawimbi yameyala kwa chini, juu yameachwa na mdomo mkali, na nyuma ya mdomo kuna uwanda wa mawe uliolala. Hewa iliyopanda wima haiwezi kukunja kona kali kiasi hicho. Inaachana na jabali, inapita juu, na nyuma ya ukingo inabaki hewa inayojizungusha chini kwa chini, ikirudi kuelekea baharini. Unaweza kuiona kwa macho. Chukua ufito wa mita 3, funga nyuzi nne za sufu: moja usawa wa goti, ya pili kiunoni, ya tatu juu kidogo ya kichwa, ya nne nchani. Simama hatua tatu nyuma ya ukingo, si ukingoni penyewe, maana mawe yale humeguka. Utaona uzi wa goti unaelekeza baharini, kinyume cha upepo. Wa kiunoni unapepesuka bila mwelekeo. Ule wa juu ya kichwa umenyooka kuelekea juu na nyuma, nao wa nchani umetulia kabisa. Mahali uzi unapopepesuka ndipo glaida yako inapokufa. Siku ya upepo mkali unaweza hata kuwasha kiberiti ukiwa umechuchumaa hapo, huku bahari mbele yako imejaa povu.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya jabali la matumbawe: glaida isivuke ukingo ikiwa chini ya mara mbili ya kimo chako, isipokuwa umeamua kutua.

Sheria ya pili ni ya kugeuza. Kila kona pindia baharini, pua ikipita kwenye upepo, hata kama ndiyo kwanza umetoka baharini na mkono unakuvuta kupinda kuelekea nchi kavu. Ni kama chombo kinachopiga bisho: kwenda hivi, kurudi hivi, na omo, yaani pua ya chombo, daima inautafuta upepo. Hesabu ya kosa lako iko wazi. Glaida ikienda kilomita 30 kwa saa hewani, na upepo ni kilomita 25, ukiigeuza kuelekea kwako inakuja kwa kilomita 55, yaani mita 15 kila sekunde. Ukanda wako mzima ni mita 10. Kabla kidole hakijamaliza kusukuma stiki, imeshavuka ukingo na kuingia kwenye ile hewa inayojizungusha, nayo inaisukuma chini. Hapo hata rubani wa miaka 30 haokoi kitu.

Njia unayotaka kuichora, ukiitazama kutoka juu, ni nane iliyolala na kubonyezwa, sambamba na jabali, mita 5 hivi mbele ya ukingo. Katika kwenda na kurudi, pua ielekee baharini kidogo ingawa glaida inasafiri kando. Ukiinyoosha sambamba na jabali, upepo utaisogeza kwako polepole bila wewe kujua. Na usivute sana usukani kutafuta kimo. Kwenye ukanda mwembamba kimo huja chenyewe ukilinda mwendo. Ukikivuta kwa nguvu unapoteza mwendo, na mara nyingi huo ndio ule mshuko wa taratibu unaokupeleka majini.

Upepo wa kuanzia uwe kilomita 20 hadi 30 kwa saa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 na mawimbi ya mita 2, glaida yako ya gramu 500 itakuwa inarudi nyuma ingawa imeelekeza pua mbele. Hapo ndipo uzito wa rafiki yako ungekuwa na maana, pale katikati. Lakini ujifunze kwanza.

Kutua kunahitaji uijue bahari, na hilo mtoto wa Mtende hafundishwi na mtu. Nyuma yako kuna mawe yanayokata povu kama msumeno, kwa hiyo ni bora kutua mchangani chini ya jabali, maji yakiwa yamepwa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Maji yakipwa unapata faida nyingine: jabali lako linarefuka. Bahari yetu siku ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4, na kwenye jabali la mita 6 hilo si jambo dogo. Jaribu siku hiyohiyo, saa nne na saa kumi jioni, utadhani umebadilisha glaida. Ila maji yakipwa ndipo kina mama wanaposhuka kuchokoa pweza na kushughulikia mwani. Nusu kilo inayokuja kwa kasi inaweza kumtoa mtu jicho. Wakiwepo chini yako, huirushi.

Angalia pia rimoti. Mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4 hayapenyi jiwe. Glaida ikishuka chini ya mdomo wa jabali nawe umesimama nyuma, mmeshaachana, na itakwenda inakotaka. Simama mahali unapoiona muda wote mpaka inagusa mchanga, au shuka nayo mapema.

Ikiangukia majini, chomoa betri kwanza, ndiyo ufikirie mengine. Halafu osha sevo na risiva, kile kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti, kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mengi, na uziache kivulini siku mbili zimefunguliwa. Kinachoua ni chumvi inayobaki ikila shaba, hata kama jioni ileile kila kitu kinaonekana kinafanya kazi. Betri ya lithiamu iliyokunywa maji ya bahari usiichaji tena, na usiiweke ndani ya nyumba.

Kuhusu Pemba: vilima vipo vingi kuliko Unguja, lakini vingi viko ndani na vimevaa mikarafuu na minazi. Mti wa mita 10 juu ya kilima cha mita 30 unauvuruga upepo wote, na huna pa kutua. Ukienda, pita kando ya bahari, utafute ukingo ulio wazi unaotazama upepo wa msimu huo, na uutembeze ule ufito wenye nyuzi kabla ya kuitoa glaida kwenye mfuko.

Kabla ya yote, mwone sheha wako umweleze unachofanya, na uulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kuhusu kibali. Yako haina kamera wala injini, lakini askari akiiona kwa mbali ataiita ndege nyuki, na si mahali pa kuanza kubishana.

Ukishaufanyia kazi ufito, niandikie mambo matatu: jabali lako linatazama nyuzi ngapi kwa dira, uzi wa ngapi ulitulia kwanza, na kitovu cha mizani cha glaida kiko sentimita ngapi kutoka ncha ya pua. Hilo la tatu hasa nina wasiwasi nalo, kwa sababu mgeni wako huenda alikuwa akitumia betri ya uzito tofauti na hiyo uliyonayo.