Uso uje mwisho: kwa mnaoanza kutambua watu katika picha za kale za Japani

Nimeletewa tena ile picha ya kundi iliyopigwa Nagasaki, ya mmisionari na vijana waliomzunguka; safari hii ina vishale vyekundu juu ya vichwa: huyu Saigō Takamori, huyu Sakamoto Ryōma, samurai mashuhuri wote wawili, yule Mfalme Meiji kijana. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili tuliache.

1. Geuzeni picha. Jina likiwepo mgongoni, ulizeni liliandikwa na nani, lini.

2. Ambrotaipu, yaani picha ya kale iliyo juu ya kioo, ikiwa bado na kisanduku chake cha mbao, someni kifuniko kwanza. Na kumbukeni picha hizi mara nyingi hugeuza kushoto kuwa kulia. Kimono hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu. Kinyume chake huvikwa maiti. Basi mkiona upande wa kulia uko juu na upanga uko kulia, msishtuke. Ila wapo samurai walioujua mchezo huo, wakavaa kinyume na kuhamisha upanga kabla ya kupigwa picha, ili itoke sawa!

3. Nembo huwafikisha kwenye ukoo tu. Msalaba ndani ya duara ni ya Shimazu, ukoo uliotawala jimbo la Satsuma, lakini bwana aliweza kumtunuku mtumishi vazi lenye nembo yake.

4. Tarehe, jamani. Picha ile ya Nagasaki ilipigwa na mpiga picha Ueno Hikoma: mmisionari Guido Verbeck katikati, amezungukwa na vijana zaidi ya 40. Mwaka 1974 mchoraji mmoja wa sura alitangaza kuwa Saigō yumo, na majina yakazidi kuongezwa. Saigō hana picha hata moja iliyothibitishwa! Sura tunayoijua aliichora Chiossone, msanii Mwitaliano, baada ya Saigō kufa, bila kuwahi kumwona, akiunganisha sura ya mdogo wake na ya binamu yake. Sasa mnalinganisha uso na uso upi? Naye Ryōma aliuawa Kyoto Desemba 1867, na watafiti wanaiweka picha hii baada ya hapo. Wale ni wanafunzi wa shule ya watu wa jimbo la Saga. Hilo ndilo linaloniuma: kila jina kubwa tunalobandika linamfuta kijana aliyekaa pale kweli, ambaye labda ukoo wake bado unamtafuta.

5. Jifunzeni samani za studio. Kile kimeza alichoegemea Ryōma katika picha yake maarufu kimo pia kwenye picha za wateja wengine wa Ueno. Kitafuteni kwenye picha mlizo nazo, kisha tuzungumzie nyuso.