Tozo ya foleni mjini Dodoma: ukitaka kuipinga, anza na kuhesabu magari

Mkuu uliyeuliza: siku Dodoma ikiletewa tozo ya kuingia na gari katikati ya mji, kama ya London, tuipinge kwa hoja gani? Nitajibu kwa urefu, maana pingamizi za aina hii huanguka mapema. Watu wanasimama kwenye mkutano wanasema maisha ni magumu, wanapigiwa makofi, na sheria ndogo inapita. Pingamizi linalosimama ni lile linaloonyesha kwamba tozo haitaigusa foleni yenyewe. Kwa Dodoma hilo linaonyesheka.

Tazama barabara zilivyokaa. Ya Dar es Salaam, ya Singida, ya Iringa na ya Arusha zote zinakutana mjini. Wizara nazo ziko Mtumba, kama km 17 mashariki. Mtumishi anayekaa Nkuhungu au Kizota anaukata mji asubuhi, anaukata tena jioni, na katikati hana shughuli yoyote. Tozo ya London imemlenga anayekwenda katikati na ambaye angeweza kupanda treni au basi. Hapa utakuwa unamtoza mpita njia asiye na pa kukwepea: atalipa, na foleni itabaki palepale. Barabara ya mzunguko wa nje, ile ya km 112.3, ilibuniwa kuwatoa wapita njia mjini, lakini msiichukulie kama jibu la kila kitu. Inamfaa mwenye lori la Dar kwenda Mwanza. Wa Nkuhungu hawezi kuzunguka kote huko kila siku ili afike ofisini.

Sasa lithibitisheni, na kazi hii haihitaji mtaalamu wa kulipwa. Wekeni watu wawili barabara ya Singida upande wa Kizota na wawili barabara ya Dar upande wa Nanenane, kuanzia saa 12:30 hadi saa 2:30 asubuhi. Mmoja anasoma namba, mwenzake anaandika. Hakuna haja ya namba nzima: tarakimu tatu na herufi ya mwisho zinatosha, pamoja na aina ya chombo na muda kwa kila dakika tano. Baadaye linganisheni karatasi. Gari lililoonekana upande mmoja na likatokea wa pili ndani ya dakika 30 au 40 lilikuwa linapita tu. Kama kati ya magari 400 yaliyotoka Kizota 180 yameonekana Nanenane, mna 45%, na hoja yenu imeshika. Mkipata 10%, kubalini kwamba hoja hii haina nguvu, mtafute nyingine.

Kuna mahali pa kukosea. Jumatatu na Ijumaa si siku za kawaida, hesabuni Jumanne hadi Alhamisi. Kosa kubwa zaidi kwa Dodoma ni Bunge. Wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, mji unajaa magari ya wageni. Hesabuni mara mbili, Bunge likiwepo na lisipokuwepo. Na jiji likileta takwimu zake, swali la kwanza liwe: mlihesabu mwezi gani? Tozo ya mwaka mzima haiwezi kujengwa juu ya foleni ya miezi mitatu.

Hoja ya pili ni usafiri mbadala. London ilipoanza tozo tarehe 17 Februari 2003, mabasi 300 ya nyongeza yaliingia barabarani. Stockholm iliongeza mabasi Agosti 2005, tozo ya majaribio ikaanza Januari 2006, na magari yanayovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa takriban 20%. Kwetu aliyeacha gari atapanda daladala ileile iliyojaa, au bajaji, na bajaji tatu za abiria wawili wawili zinakula barabara kuliko Coaster moja. Kwa hiyo dai lenu liwe na idadi na tarehe: mabasi mangapi, njia ipi, yameanza lini kabla ya tozo. Ahadi ya "tutaboresha usafiri" msiipokee.

Ulizeni pia kama inatozwa kwa siku au kwa kila kuvuka. London ni kwa siku, Stockholm ni kwa kila kuvuka, ikiwa na kikomo cha siku. Tuchukue 2,000 kama mfano wa hesabu. Mwenye gari dogo, siku 22 za kazi, analipa 44,000 kwa mwezi. Daladala inayoingia mjini mara kumi, ikitozwa kila kuvuka, ni 20,000 kwa siku, na mwenye chombo ataipeleka LATRA, mamlaka inayosimamia nauli, kama sababu ya kuomba nauli ipande. Hapo mama wa Chang'ombe asiye na gari analipia foleni asiyoitengeneza. Daladala lazima zisamehewe kwa maandishi.

Magari ya serikali ni kinyume chake. Hapa ni makao makuu, na asubuhi namba za ST haziko chache. Zikisamehewe, sehemu kubwa ya foleni imesamehewe. Simameni imara hapa.

Ukusanyaji ndiko mifumo hii huchafuka. Kamera inasoma namba, mfumo unamtafuta mwenye gari, asiyelipa anapigwa faini. Kwetu magari mengi yameuzwa bila kadi kubadilishwa jina, kwa hiyo faini itamfuata aliyeuza miaka mitano iliyopita. Namba zina vumbi, na pikipiki na bajaji kamera ya mbele haizisomi. Takeni njia ya rufaa iwe imeandikwa ndani ya sheria ndogo yenyewe: siku ngapi, kwa nani, na faini isimame rufaa ikisikilizwa.

Kuhusu fedha, jueni jambo moja linalosahaulika. Tozo ikifanikiwa kupunguza magari, mapato nayo yanapungua. Jiji lililoyaweka mapato hayo kwenye bajeti litashawishika kupandisha kiwango. London ilianza na pauni 5, ikaenda 8 mwaka 2005, 10 mwaka 2011, 11.50 mwaka 2014, 15 mwaka 2020. Dai la haki ni akaunti tofauti, fedha ziende kwenye usafiri tu, na kiwango kisipande bila wananchi kusikilizwa upya.

Hoja ya "tunalipa mara mbili" itumieni kwa uangalifu. Ni kweli ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 na mzigo ukahamia kwenye mafuta, na 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara. Lakini watajibu kwamba ile ni ya kujenga na kutengeneza, hii ni ya kupunguza magari. Jibu lao lina uzito, msiiweke mbele.

Pingamizi hushinda kweli. Edinburgh walipiga kura 2005, takriban 74% wakakataa. Manchester 2008, takriban 79%. London yenyewe iliongeza ukanda wa magharibi 2007 na kuuondoa mwishoni mwa 2010. Lakini Stockholm kura ya 2006 ilikubali, maana watu walishaona miezi saba ya majaribio kwa macho yao. Msikatae majaribio mafupi yenye tarehe ya kuisha, mradi mabasi yatangulie.

Kwa utaratibu, anzeni na swali la barabara ni ya nani. Barabara kuu ziko chini ya wakala wa TANROADS, za mitaa chini ya wakala wa TARURA. Jiji lionyeshe mamlaka yake ya kutoza hapo. Sheria ndogo hutangazwa kwa wananchi ili watoe maoni, hupita baraza la madiwani, huidhinishwa na waziri wa serikali za mitaa, kisha hutoka kwenye Gazeti la Serikali. Nafasi yenu ni kabla ya baraza. Pitisheni msimamo kwenye mkutano mkuu wa mtaa, uingie kwenye muhtasari. Barua iende kwa Mkurugenzi wa Jiji, nakala kwa diwani, ikiambatana na karatasi za hesabu na majina yenye mtaa na aina ya chombo. Pelekeni nakala mbili, na moja irudi ikiwa na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo watasema hakuna aliyepinga.