Tunapanda Machame Disemba, vayolini ya mtoto twende nayo au ibaki Dar?

"Shangazi shikamoo. Nina binti wa miaka 9, tunakaa Mbezi Beach. Anajifunza vayolini huu mwaka wa pili na mwalimu wake kamwandikisha mtihani wa ABRSM, ile bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, gredi ya kwanza, mwezi wa tatu mwakani. Sasa tarehe 18 Disemba tunapanda Machame kwa wazazi wa mume wangu, tunarudi tarehe 6 Januari. Mwaka jana tulienda nayo, nikawa namsimamia nusu saa kila siku, siku ya Krismasi ikaishia kilio mbele ya ukwe mzima, mama mkwe akasema mtoto kaja kupumzika nyie mnamtesa. Mume wangu anasema safari hii ibaki Dar. Mwalimu anasema wiki tatu bila kugusa ni nyingi. Ada nimelipa ya muhula mzima, vayolini nimenunua kwa pesa ya kikoba, mtihani nao nimeshalipia. Naogopa hela yote itapotea hivi hivi. Nifanyeje? Mama wa Mbezi Beach."

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeirudia mara tatu na kila nikiirudia naona pengo lile lile. Mwalimu kasema, mume kasema, mama mkwe kasema, na wewe umesema, ila binti mwenyewe mwenye vidole na mwenye mtihani hajasema neno hata moja. Kwahiyo kabla hujafunga begi lolote kaa naye, iwe jioni ametulia, na usimuulize "unataka tubebe vayolini?" maana mtoto wa miaka 9 atakuangalia usoni kwanza ajue unataka jibu gani ndio akujibu. Muulize hivi: tukifika kwa babu ungependa kumpigia nini? Akitaja wimbo, umepata pa kuanzia. Akikwambia hataki kupiga mbele ya watu, hilo nalo ni jibu na ulipokee kama lilivyo, inawezekana Krismasi ya mwaka jana bado inamuuma na wewe ndio mtu wa kumwambia pole, mama nilikukazania mno.

Mimi maoni yangu vayolini iende. Nusu saa ndio ibaki Dar.

Nikueleze kwanini sikubaliani moja kwa moja na mume wako, ingawa najua anachokitetea. Mtoto wa mwaka wa pili akikaa wiki tatu hajagusa hasahau nyimbo, nyimbo zinakaa kichwani, utamsikia anaziimba hata akioga. Kinachotoka ni mkono. Vayolini haina alama za kumuonyesha kidole kikae wapi kama gitaa, kidole kikisogea kidogo tu sauti inatoka nje ya nota, yaani mkono wa kushoto unapajua mahali kwa mazoea na kwa sikio basi. Mkono wa kulia nao ukikaa bila kushika upinde unakakamaa, upinde unaanza kuteleza na kukwaruza. Sasa mtoto anarudi tarehe 6, tarehe 8 yuko kwa mwalimu, anapiga wimbo aliokuwa anaujua vizuri unatoka mbaya, na yeye hajui kwamba ni mkono tu umepoa na siku chache zinatosha, yeye anaamini hajui tena. Hapo ndio watoto wengi wanaanza kusema tumbo linauma siku ya kipindi. Wa kwangu wa pili alikuwa anasoma kinanda, tukaenda Tanga likizo ya mwezi mzima nikamwachia kabisa, nilidhani namhurumia. Aliporudi hakuwahi kukaa vizuri tena kwenye kile kiti, akawa anatafuta sababu kila wiki, mwisho akaacha. Naiwaza mpaka leo, maana nilikuwa na uwezo wa kumchorea tu zile funguo kwenye kipande cha boksi akawa anapitisha vidole, na sikufanya.

Kwahiyo hesabu yangu mimi iko hivi. Kuanzia 18 Disemba mpaka 6 Januari ni siku 20. Toa siku mbili za barabarani, toa mkesha na Krismasi yenyewe, toa mwaka mpya, toa siku tatu za ndugu na mialiko ambazo huwezi kuzijua saa hizi, zinabaki 12. Kila siku dakika 10. Hizo ni saa mbili tu kwa likizo nzima, na hata mama mkwe ukimwambia hivyo hawezi kusema mnamtesa mtoto. Mwambie mapema lakini, piga simu wiki hii umwambie mama, mwaka jana nilikosea, safari hii ni dakika kumi asubuhi na akikataa siku hiyo tunaacha. Ukishamwambia mwenyewe kwa heshima atakuwa upande wako, na pengine yeye ndio atamkumbusha mjukuu wake.

Asubuhi nasisitiza. Nyumba ya Machame Disemba unaijua, wote tumepanda kuhesabiwa, binamu kumi na mbili, sufuria, wageni, saa nne hamna tena pa kusimama. Asubuhi kabla ya chai mtoto kichwa kimetulia na wenzake hawajaanza kumuita nje. Mchana akishaingia migombani kucheza usimtoe kwa ajili ya vayolini, hata kama asubuhi ilipita bure. Mtoto akiona vayolini ndio inamtoa kwenye mchezo ataichukia na hapo hata mimi sitokuwa na cha kukusaidia.

Hizo dakika kumi afanye nini? Dakika mbili nyuzi tupu, yaani bila kubana kidole, na upinde mrefu wa polepole, hapo mkono wa kulia unaamka. Skeli moja tu kwa siku, yaani kupanda na kushuka nota za ngazi moja ya sauti, leo ya D kesho ya A. Halafu sehemu moja ngumu ya wimbo wa mtihani, mistari miwili isizidi, polepole, sio kuukimbiza wimbo wote toka mwanzo mpaka mwisho huku akirudia kosa lile lile kila siku. Muombe mwalimu amuwekee alama kwa penseli ni mistari ipi. Akimaliza apige anachotaka yeye, na wewe usiwe umesimama juu yake na simu ya kuhesabu dakika, kaa pembeni menya ndizi zako.

Halafu kuna kitu wazazi wengi hawakiwazi. Mtihani wenu una maksi 150, kufaulu ni 100. Nyimbo tatu zinabeba 90, skeli 21, kusoma nota papo kwa papo 21, na zinabaki 18 za sikio, mtoto anaambiwa apige makofi kufuata mapigo na aseme ni mbili mbili au tatu tatu, anaimba kurudishia kipande alichosikia, anasema wapi pamebadilika. Hizo 18 hazihitaji vayolini kabisa! Mnakaa kwenye gari siku nzima Chalinze, Korogwe, Mombo, Same, muwashieni muziki apige makofi aseme ni mbili au tatu, baba aimbe kipande kifupi yeye arudishe, kisha baba akiimbe tena akibadilishe mahali pamoja na binti amkamate alipobadilisha. Mpe baba hiyo kazi makusudi, kwa sababu yeye ndio alitaka ibaki, na mtoto akicheza hivyo na baba yake hatoiita mazoezi.

Sasa chombo chenyewe, hapa tafadhali nisikilize sana. Kisikae kwenye buti. Vayolini imeungwa kwa gundi ambayo joto kali linailainisha, na gari likisimama juani Korogwe nyie mko ndani mnakula, mle ndani ni tanuri, mkirudi mnakuta ubao umeachia pembeni. Ikae ndani ya gari miguuni kwa mtoto, mkishuka kula mnashuka nayo. Nywele za upinde zilegezwe kabla ya safari. Na msishangae mkifika nyuzi zote zimelegea, mbao imetoka kwenye unyevu wa Dar ikapita ukavu wa Same, vile vigingi vya kukazia vinasinyaa vinateleza. Muombe mwalimu akufundishe wewe kutuni, yaani kukaza nyuzi mpaka kila mmoja utoe sauti yake, kabla hamjaondoka, nyuzi zenyewe ni nne, G, D, A, E, kuna programu za bure kwenye simu, na unazungusha kidogo kidogo huku unakisukuma kigingi ndani. Uzi wa E ndio mwembamba kuliko wote na ndio unakatika, mkikatikiwa huko juu sijui mtaupata wapi, kwahiyo nunua wa akiba hapa hapa mjini.

Binamu watataka kushika. Waacheni, ila binti ndio awe mwalimu wao, mmoja mmoja, mikono imeoshwa kwa sabuni kwanza kwa sababu mafuta ya nyama yakigusa nywele za upinde hazishiki tena uzi hata upake rozini, ule utomvu mkavu wa upinde, kiasi gani. Na kumfundisha mwenzake namna ya kushika upinde ni mazoezi makubwa kuliko unavyodhani, kila anapomrekebisha mwenzake na yeye mkono wake unajirekebisha. Mkimaliza irudi kwenye begi lake gumu, iwekwe juu ya kabati, isiachwe kitandani watu wakaja kuikalia.

Usharika wenu kama una matarumbeta, na huko sharika nyingi za KKKT wanayo, najua kuna mjomba atasema mtoto akapige nao Jumapili. Usikubali haraka haraka. Tarumbeta nyingi za kule ni za B flati, na tenzi zinapigwa kwenye funguo za flati, yaani ngazi zenye nota zilizoshushwa nusu sauti, wakati binti wa gredi ya kwanza vidole vyake vinajua D na A na G. Atasimama mbele ya kanisa nota nyingi zimpite na itakuwa Krismasi ya pili ya machozi. Akae karibu nao asikilize, ashike wimbo mmoja kwa sikio, nyumbani ajitafutie mwenyewe kwenye D. Kama anataka kumpigia babu jioni, babu peke yake kwenye kiti chake, hilo ndio ningelitamani mimi, na asipotaka basi.

Hela, mwanangu. Naijua pesa ya kikoba ilivyo ngumu na sikulaumu hata kidogo kwa kuogopa. Ila mtoto wa miaka 9 anapiga vayolini ndogo, mwaka mmoja miwili ijayo haitomtosha na utahitaji kubwa zaidi, kwahiyo hiyo uliyonayo ikitunzwa isipasuke unamuuzia mzazi mwingine na sehemu ya pesa inarudi. Mtihani uko mwezi wa tatu, mkirudi tarehe 6 bado ana karibu wiki nane au zaidi. Lakini usimtajie hizo hela, nakuomba sana, mwaka jana inawezekana alizisikia kwenye sauti yako hata kama hukuzitamka.

Mkirudi mwambie mwalimu ukweli, kama amepiga siku saba badala ya kumi na mbili sema saba, aanzie hapo. Na mwalimu akianza kumgombeza mtoto kwa hilo jibu wewe, useme ni mimi nilipanga hivyo.

Msalimie babu na bibi huko Machame, na ule uzi wa E usiusahau.