Kutembea uzeeni: hatua ngapi, mwendo gani, viatu vipi?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu kutoka Lamu na Malindi zinauliza habari za miguu ya wazee. Tumechagua nne ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Assalaam aleikum. Nina miaka 68, naishi Mkomani, Lamu. Nina presha na sukari, natumia vidonge. Mjukuu wangu amenitilia kwenye simu programu ya kuhesabu hatua, na anashikilia lazima nifike 10,000 kwa siku. Kila siku natoka: sokoni, kwa jamaa, msibani. Lakini hatua hazizidi 4,000. Ina maana sifanyi kitu?
*Bibi wa Mkomani*

Waaleikum salaam bibi, na shikamoo. Hizo 4,000 zina faida, na mjukuu asikuvunje moyo. Hesabu ya 10,000 haikutoka hospitali. Ilienea baada ya mwaka 1965, kampuni moja ya Japani ilipouza kifaa cha kuhesabu hatua kwa jina lenye maana ya "kipimo cha hatua elfu kumi". Utafiti uliokusanya takwimu za nchi kadhaa na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa waliopita miaka 60, faida ya kuishi muda mrefu hupanda hadi kwenye hatua 6,000 mpaka 8,000, kisha haiongezeki sana. Kwa hiyo umebakiza 2,000, ambazo ni kama dakika 20 tu.

Linalotushughulisha zaidi ni mwendo wako. Katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, mtu husimama kila baada ya nyumba mbili kusalimia, mara anampisha punda, mara mkokoteni. Moyo haupati nafasi ya kuongeza kasi. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani hatua kama 100 kwa dakika. Hesabu kwa saa ya mkononi mara moja au mbili, mwili utaizoea kasi hiyo. Kipimo kingine ni mdomo: uweze kuzungumza, lakini usiweze kuimba. Hiki ndicho bora kwako ikiwa kati ya vidonge vyako vya presha mna atenolol au za jamii yake, kwa sababu dawa hizo huzuia mapigo ya moyo yasipande na kuyahesabu hakutakwambia ukweli.

Anza na dakika 10 kwa siku, siku tano kwa wiki. Kila wiki ongeza dakika 5, na wiki ya tano utakuwa kwenye 30. Ukichoka njiani, Lamu ina neema ambayo miji mingi haina, nayo ni baraza za mawe nje ya nyumba. Tembea kwa kasi kutoka baraza moja hadi ya tatu au ya nne, kaa dakika moja, endelea. Muda wa kukaa usiuhesabu. Ukishazoea njia ya pwani, jaribu kwenda Shela: ni kilomita 3 hivi, kama dakika 45 kwa hatua 100 kwa dakika, na kurudi unaweza kupanda mashua. Toka baada ya sala ya alfajiri kukishapambazuka, au baada ya alasiri jua likishapoa. Februari na Machi joto huwa kali, basi chukua chupa ya maji, hasa ikiwa unameza dawa ya kukojoza.

Kwa sukari, zigawe hizo dakika 30 mara tatu, kumikumi baada ya kila mlo. Misuli ya miguu inapofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini yako ni dhaifu. Ndiyo maana lazima ujue jina la kidonge chako. Metformin peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, lakini glibenclamide na sindano ya insulini zinaweza. Ukitumia hizo na kipimo cha sukari kiko chini ya 5 (mmol/L) kabla ya kutoka, kula kitu kwanza. Na usitoke bila sukari: kijiko kimoja kikubwa ndani ya karatasi kinatosha. Ukihisi kutetemeka, jasho baridi au kuchanganyikiwa, kaa, kula hiyo sukari, subiri dakika 15. Usipopata nafuu, rudia.

Ukirudi nyumbani vua viatu utazame nyayo na katikati ya vidole. Sukari huua hisia za mguu polepole, na chembe ya mchanga ndani ya kiatu hufanya kidonda usichokisikia mpaka kinuke. Kung'uta kiatu kabla ya kukivaa, kila mara.

Baba yangu ana miaka 71, amevuta sigara maisha yake yote. Akitembea kama dakika tano, shavu la mguu linamuuma hadi asimame. Akisimama kidogo linapoa, akienda tena linarudi. Twasema ni baridi yabisi, twamkanda mafuta. Aendelee kutembea?
*Kijana wa Langoni, Lamu*

Mpelekeni hospitali wiki hii. Maumivu yanayokuja baada ya umbali uleule na kuondoka kwa kusimama tu ni alama ya mishipa ya damu iliyoziba, na sigara ndiyo chanzo kikubwa. Mafuta ya kukanda hayafiki huko. (Kama angelazimika kukaa au kuinama mbele ndipo apate nafuu, tungeshuku uti wa mgongo.) Daktari atalinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, ya mguuni ikiwa ndogo sana, jibu limepatikana. Mishipa ikiziba mguuni, huenda na ya moyo nayo imeguswa, kwa hiyo asianze mazoezi kabla ya kuonwa.

Akisharuhusiwa, kutembea kutakuwa sehemu ya tiba yenyewe: aende mpaka maumivu yawe makali kiasi, asimame yaishe, aende tena, kwa dakika 30 hadi 60, angalau mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Na sigara aache kabisa. Mguu ukiuma usiku akiwa amelala, ukiwa baridi kuliko mwenzake, au ukitoka kidonda kisichopona, msingoje siku ya kliniki.

Mimi ni mzee wa miaka 74, Barani, Malindi. Goti la kulia limekwisha, daktari amesema ni kusagika. Nina mkongojo. Rafiki zangu wanatembea ufuoni kila jioni na wananiambia mchanga ni laini kwa magoti. Ni kweli?
*Mzee wa Barani*

Shikamoo mzee. Ni kweli nusu. Mchanga mkavu wa juu unapunguza kishindo, lakini mguu unazama na kupinda, na nguvu inayotumika hufika mara mbili au zaidi ya ile ya ardhi ngumu. Goti lililosagika halitaki kupindwa. Unaokufaa ni mchanga ulioloa ulioachwa na maji yaliyopwa, ule usioacha unyayo wa kina.

Hapo itabidi uuangalie mwezi kama wavuvi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pwani yetu maji huwa yamejaa nyakati za alasiri, na mchanga mgumu wote umefunikwa. Siku hizo tembea barabarani. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, hivyo baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, saa ileile ya alasiri utayakuta yamepwa. Jambo jingine ni mteremko: ufuo umeinama kuelekea baharini, na mguu wa upande wa maji hubeba tofauti na mwenzake. Chagua sehemu iliyo tambarare, na usiende upande mmoja kwa muda mrefu.

Sasa mkongojo. Wengi huushika upande wa goti bovu, na hilo ndilo kosa tunaloliona kuliko yote. Goti lako ni la kulia, basi shika kwa mkono wa kushoto, na mkongojo uende mbele pamoja na mguu wa kulia. Urefu upimwe ukiwa umevaa viatu na mikono imening'inia: kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kiganja. Ukizidi, bega litapanda na shingo itauma. Mpira wa nchani ukishakuwa laini kama sahani, badilisha. Kwenye ngazi, kupanda tanguliza mguu mzima; kushuka tanguliza mguu mbovu pamoja na mkongojo.

Maumivu madogo wakati wa kutembea si hatari. Goti likiwa bado linauma zaidi ya kawaida kesho yake, au limevimba, siku inayofuata punguza muda kwa nusu, lakini usiache kabisa: misuli ya paja inayolishika goti hudhoofika kwa kukaa. Ndala na makubadhi yaacheni kwa baraza. Kiatu kisichoshika kisigino hulazimisha vidole kukishikilia, hatua zinakuwa fupi, mtu anajikwaa. Nunua raba, jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na ibaki nafasi ya upana wa kidole mbele ya dole gumba.

Mama alianguka mwezi uliopita kwenye ngazi zilizoloa. Hakuvunjika, lakini sasa hataki kutoka. Tumwache apumzike?
*Binti yake, Shela, Lamu*

Poleni. Msimwache muda mrefu. Mguu usiotumika hupoteza nguvu kwa wiki chache tu, na woga wake utageuka kuwa kweli.

Kwanza tafuteni kilichomwangusha zaidi ya maji. Je, alianza dawa mpya ya presha au ya usingizi? Ana mtoto wa jicho? Pindo la buibui linaburura? Huona kizunguzungu akiinuka? Akiona, akae ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama, na daktari ampime presha akiwa amelala na akiwa amesimama.

Kisha aanzie ndani, siku tatu au zaidi kwa wiki. Akae kwenye kiti kigumu chenye mgongo ukutani, ainuke na kukaa mara tano, mwanzo kwa kusaidiwa na mikono, baadaye mikono ikiwa kifuani, hadi afike mara kumi. Halafu asimame kando ya ukuta, unyayo mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, bila kushika. Akishindwa kufika sekunde 10, bado yumo hatarini kuanguka, aendelee na mazoezi ya ndani. Akifika, tokeni naye hadi kwa jirani. Usimshike wewe mkono wala kumvuta, maana kuvutwa humyumbisha. Mpe kiwiko chako akishike mwenyewe, uende kwa kasi yake, na wewe ndiye ukae upande wa mfereji.