Kwa unayeanza kumsoma Kaisari Friedrich II

Insha yangu ya kwanza kuhusu Kaisari Friedrich II, mtawala wa Dola Takatifu la Kiroma katika karne ya 13, ilirudi na maneno mawili ya kalamu nyekundu: "Nani kasema?" Nilikuwa nimeandika, bila wasiwasi wowote, kwamba aliamuru watoto wachanga walelewe bila kusemeshwa ili ijulikane lugha ya kwanza ya binadamu ni ipi, na wote wakafa. Kisa kitamu. Kumbe msimulizi wake ni Salimbene, mtawa Mfransisko mzaliwa wa Parma, Italia, aliyeandika miongo kadhaa baada ya kaisari kufa mwaka 1250. Na Parma ndio mji uliomwasi kaisari, akauzingira, hadi Februari 1248 wenyeji walipotoka wakaiteketeza kambi yake. Mtu wa huko angemsifu kwa lipi?

Lakini usimtupe Salimbene. Anasema alimwona kaisari kwa macho yake, na anakiri kwamba kuna wakati alimpenda. Mambo kama haya ndiyo ya kuandika pembeni mwa daftari.

Kwa Friedrich huwezi kulikwepa swali la mwandishi alikuwa upande gani. Papa Gregori IX alimtenga na Kanisa mwaka 1227 kwa kuchelewa kwenda Vita vya Msalaba. Mwaka uliofuata akaenda akiwa bado ametengwa, na Februari 1229 akapatana na Sultani al-Kamil wa Misri: Yerusalemu irudi kwa Wakristo kwa miaka kumi, Waislamu wabaki na Haram al-Sharif, eneo la msikiti wa Al-Aqsa. Mji ulipatikana kwa mazungumzo, na bado kila upande ulinuna. Utasoma pia kwamba alipokuwa akiondoka Akka, bandari ya Palestina, wachinjaji wa nyama walimrushia matumbo. Anayesema hivyo ni Philip wa Novara, ambaye naye alikuwa adui yake. Huenda ni kweli. Nilichojifunza ni kumtaja msimulizi.

Jambo jingine: angalia ni Friedrich gani. Ukitafuta "Friedrich II" mtandaoni utaletewa pia mfalme wa Prussia wa karne ya 18. Na babu yake kaisari, Friedrich I Barbarossa, aliyekufa maji mwaka 1190, ndiye anayetajwa leo katika hadithi ya mfalme aliyelala ndani ya mlima Kyffhäuser, ingawa hadithi hiyo ilianza kwa mjukuu.

Halafu kaa na ramani. Mimi nilimsoma kama Mjerumani aliyekaa Ujerumani, nikashindwa kuelewa lolote. Alizaliwa Jesi, Italia, mwaka 1194, akalelewa Palermo, na alikuwa mfalme wa Sisilia tangu utotoni. Baada ya kuvikwa taji la kaisari mjini Roma mwaka 1220, hakurudi Ujerumani hadi 1235, alipokwenda kumng'oa mwanawe Heinrich aliyeasi. Ili mambo ya huko yatulie akiwa mbali, aliwapa maaskofu na wakuu wa majimbo haki nyingi za kifalme, mwaka 1220 na tena 1232. Wengi humlaumu kwamba ndiye aliyeivunja Ujerumani vipande. Mimi naona lawama hiyo imezidi, maana wakuu hao walikuwa na nguvu kabla yake.

Kusini, katika ufalme wake wa Sisilia, alitawala kwa mkono mwingine kabisa. Soma sheria zake za Melfi za 1231: hata tabibu hakuruhusiwa kutibu bila kupimwa kwanza na walimu wa shule ya utabibu ya Salerno. Chuo kikuu cha Napoli alikianzisha mwaka 1224 ili kimpatie watumishi wa serikali, akawakataza raia wake kusomea kwingine.

Ukichoka na maadui na wapambe, fungua kitabu alichokiandika mwenyewe, kuhusu kuwinda kwa kutumia ndege kama kozi. Humo anamkosoa hata Aristotle: huyu, anasema, ni nadra kama aliwahi kuwinda na ndege.