Triga Nzito: Weka Tupa Chini, Chukua Dumu la Maji

SWALI: Shikamoo fundi. Naandika kutoka Magu, nyumba yangu iko karibu kabisa na ziwa. Marehemu baba aliniachia raifo yake, Brno ZKK 600 ya kaliba .30-06, na leseni sasa iko kwa jina langu. Shida yangu ni triga. Ni nzito, na kabla ya kuachia inaburuta kama mtu anakokota gunia la mchanga kwenye saruji. Nikipiga shabaha ya mita 100, risasi zinatawanyika upana wa sahani ya wali. Triga mpya ya kuagiza nje nimeambiwa inazidi dola 100, na mfuko wangu haufiki huko. Kuna fundi wa vyuma hapa mtaani anasema ataipiga tupa kidogo na kukata springi, shilingi elfu thelathini, nusu saa imekwisha. Nimpe?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usimpe. Hata akisema atafanya bure, usimpe. Nitakueleza kwa nini, halafu nitakueleza unachoweza kufanya kwa hela ya vocha.

Ukikoki bunduki, pini ya kupigia inarudishwa nyuma ikibana springi yenye nguvu, na inabaki pale ikisubiri. Kinachoizuia ni kipande kidogo cha chuma ambacho mafundi tunakiita sia. Triga nayo ndiyo inayoizuia sia isiteleze. Mahali vyuma hivyo viwili vinapogusana ni ukingo mwembamba, mara nyingi haufiki milimita moja. Nguvu yote ya ile springi imesimama juu ya ukingo huo. Kiwandani wanaupa chuma hicho ugumu maalumu ili usilike, na kwenye bunduki nyingi ugumu huo ni ngozi ya juu tu, ndani chuma ni laini. Tupa ikipita mara tatu, ngozi imekwenda. Siku ya kwanza utaifurahia triga, itakuwa laini kama siagi. Baada ya risasi mia mbili chuma laini kimelika, pembe imegeuka, na sasa hujui tena ni nini kinachoishikilia ile pini.

Niliwahi kuletewa Mauser ya zamani iliyopigwa tupa namna hiyo. Mwenyewe alitaka nimwekee mkanda mpya tu. Mimi bunduki ikiingia mikononi mwangu naipima kwanza, ndiyo desturi yangu. Nikahakikisha chemba, lile tundu inamokaa risasi, ni tupu, nikakoki, nikaiinua wima kiasi cha shibiri moja juu ya kipande cha tairi ninachotandika mezani, nikaiachia idondoke kwa kitako. Tak! Pini imepiga. Nikarudia, tak! Nikafungua, nikaweka sia chini ya kioo cha kukuzia: ukingo uliotakiwa kuwa mkali kama kona ya sanduku ulikuwa umeviringika na kung'aa kama mgongo wa kijiko. Nikampa kioo atazame mwenyewe. Akaniambia bunduki hiyo husafiri nayo ndani ya gari, nyuma wanakaa watoto.

Kukata springi nako watu hawakuelewi. Springi ikipunguzwa mizunguko haiwi laini, inakuwa ngumu zaidi kwa kila milimita unayoibana. Unachopunguza ni ule msukumo wa mwanzo unaoirudisha triga mahali pake. Kwa hiyo triga inaonekana nyepesi, lakini siku ya vumbi au mafuta mazito haitarudi sawasawa. Na akikosea akakata ile springi kubwa ya pini, risasi zitaanza kugoma.

Sasa tuje kwenye bunduki yako. Kwanza ijue ni nzito kiasi gani, maana "nzito" ya mtu mmoja si ya mwingine. Toa risasi zote, zipeleke chumba kingine kabisa. Toa bolti, kile chuma unachovuta nyuma kufungua chemba, tazama ndani, halafu ingiza na kidole, macho yanadanganya. Rudisha bolti, koki. Simamisha bunduki mdomo ukitazama juu, mtu mwingine aishike imara. Funga kitanzi cha kamba katikati ya triga, pale kidole kinapokaa, na kwenye kamba ning'iniza dumu tupu la lita 5. Kamba isiguse mbao za bunduki. Mimina maji taratibu, kikombe kwa kikombe, mpaka isikike inaachia. Pima maji hayo: lita 1 ni kilo 1, ongeza uzito wa dumu lenyewe. Rudia mara tano, uandike. Kama unayo ile mizani ya ndoano wanayopimia sato wachuuzi wa Mwaloni pale Kirumba, ile ndogo ya kilo chache, itafanya kazi hiyohiyo kwa haraka, lakini vuta polepole na usome namba ya mwisho kabla ya kuachia.

Kwa raifo ya kuwindia, kilo 1.2 hadi 1.8 ni uzito mzuri na salama. Ikifika kilo 3 unaipa kidole kazi ya kuinua karibu uzito wa bunduki nzima, na hapo hata mpigaji mzuri atayumba. Ikiwa namba zako tano zinarukaruka, leo 2, mara 2.8, mara 2.3, basi tatizo si uzito. Ni uchafu au kitu kinachosugua. Na kwa jinsi ulivyoeleza huo mburuto, nadhani ndiko tunakoelekea.

Hewa ya ziwa huku kwetu ina unyevu mwaka mzima, na watu wetu wakiogopa kutu wanamimina mafuta. Marehemu mzee wako bila shaka aliitunza bunduki kwa kuipaka mafuta kila mwezi, na kila mwezi kidogo kiliteremka ndani ya triga, kikakutana na vumbi la barabara ya Magu, kikakaa. Mafuta hayo yakizeeka yanageuka gundi ya rangi ya asali. Si jambo la kupuuza. Aprili 2014 kampuni ya Remington ya Marekani iliwataka watu warudishe bunduki zenye triga yake ya X-Mark Pro, kwa sababu gundi iliyotumika kupita kiasi wakati wa kuziunga iliweza kuifanya bunduki ifyatuke bila kuvutwa. Chuma kilikuwa kizima. Kilichozuia vyuma kusogea ni kile kidogo kilichonata ndani.

Kwa hiyo safisha. Nunua petroli ya kujazia viberiti, ile ya kikopo kidogo. Inakauka bila kuacha utando. Kaa nje kwenye upepo, mbali na jiko, sigara na taa ya moto. Kama unajua kuitoa bodi, yaani mtutu na vyuma vyake pamoja na triga, kwenye mbao, ifungue, maana petroli inakula vanishi. Kama hujawahi, usijifunzie kwenye urithi wa baba, mletee fundi. Bodi ikiwa nje, bolti imetolewa, tiririsha petroli ndani ya triga, huku unaibonyeza na kuiachia mara nyingi, kioevu kidondokee kwenye sahani nyeupe. Mara ya kwanza kitatoka cha kahawia kama chai ya rangi. Endelea mpaka kitoke kama kilivyoingia. Iache ikauke kwa upepo. Usiingize pamba, nyuzi zake zinabaki. Na baada ya hapo usipulize mafuta ya kopo ndani. Tone moja la mafuta mepesi kwenye ncha ya sindano linatosha, na wengine tunaiacha kavu kabisa.

Wakati bodi iko nje, kagua mbao. Tazama tundu inamopita triga: ukiona mstari uliong'aa upande mmoja, triga inasugua hapo. Mbao za huku zinavimba masika na kusinyaa kiangazi, na nimekuta triga nyingi "nzito" ambazo tatizo lake lilikuwa unene wa karatasi moja ya mbao. Hiyo unaweza kuipiga msasa mwenyewe kwa upole, kisha ukaziba kwa mafuta ya mbao ili isinywe unyevu tena. Ukirudisha skrubu za bodi zikaze sawasawa. Kaza na za darubini pia. Mtawanyiko kama wako, kabla ya kuilaumu triga, napenda kuhakikisha hakuna skrubu inayocheza.

Jambo jingine ambalo pengine mzee hakuwahi kukuonyesha. Baadhi ya ZKK 600 zina triga ya kutega. Bunduki ikiwa tupu na imekokiwa, sukuma triga mbele, kinyume cha kawaida. Ukisikia "tik" na triga ikabaki mbele, unayo. Sasa iguse: inaachia kwa mguso mwepesi sana. Yaani ile triga nyepesi unayotaka kuinunua kwa dola huenda unayo tayari, imelala humo. Lakini ni mtego kweli, na mtego hautembei na mtu njiani. Hutegi mpaka umelala, bunduki iko juu ya kiegemeo, shabaha iko mbele yako na hakuna mtu upande huo. Ukiamua kutopiga, usijaribu kuirudisha kwa kidole; elekeza mdomo mahali salama ufungue bolti.

Baada ya usafi, na baada ya mtu yeyote kuigusa triga hiyo hata kama ni mimi, fanya majaribio haya na chemba tupu, bila kutega. Koki, gonga kitako kwa nyundo ya mpira kutoka pande zote, tena kwa nguvu ya maana. Isiachie. Fungua na kufunga bolti kwa kishindo mara kumi. Isiachie. Weka sefti, kile kizuizi cha usalama, vuta triga kwa nguvu, iachie, kisha ondoa sefti bila kugusa triga. Isiachie. Jaribio hili la tatu ndilo linalosahaulika na ndilo linaloua, kwa sababu mtu anaondoa sefti akiwa na uhakika kwamba hajagusa kitu. Na hapohapo uangalie sefti yako inaelekea wapi: kuna ZKK za zamani ambazo sefti mbele ni salama na nyuma ni moto, kinyume cha raifo nyingi. Mtu aliyezoea bunduki nyingine akitupa macho tu atakosea. Ikishindwa jaribio moja, bunduki hiyo haiingii risasi mpaka itengenezwe.

Kama imesafika, haisugui, na bado iko juu ya kilo 2, hapo ndipo fundi mwenye kibali anaingia. Triga hiyo ina skrubu za kurekebisha uzito, mburuto, na ule mpitilizo wa triga baada ya kuachia. Utalipia kazi, hulipii kipuri. Mwambie unataka kilo 1.5, usimwambie "iwe nyepesi sana". Hizo skrubu sikuelekezi kuzizungusha nyumbani: robo mzunguko kwenye skrubu ya mburuto inatosha kuiacha sia imeshika kwa ncha ya kucha. Ukija kuamua kuagiza triga mpya siku za mbele, anza na ofisi ya polisi inayosimamia leseni yako. Vipuri vya silaha si vipuri vya bodaboda, huwezi kuvipakia kwenye kifurushi kimyakimya.

Limebaki jambo moja, nalo halina gharama: kidole. Kaliba .30-06 inapiga bega, na bega likishazoea kupigwa, mwili unaogopa kabla hata triga haijaachia. Unafumba macho, unanyakua. Kila jioni, chemba tupu, risasi chumba kingine, lenga ukuta usio na mtu nyuma yake. Weka sarafu ya shilingi 200 juu ya mtutu karibu na mdomo. Nyama ya kidole cha shahada, ile ya pingili ya mwisho, ikae katikati ya triga, si kwenye mkunjo. Bonyeza polepole kurudi nyuma moja kwa moja mpaka iachie, na sarafu isianguke. Siku za kwanza itaanguka kila mara. Rudia mara ishirini, upumzike. Ni vizuri uweke risasi bandia ndani kulinda pini. Na kama una bunduki ya zamani ya kaliba .22, zoezi hili usilifanye bila risasi bandia, pini yake inagonga ukingo wa chemba. Ukienda uwanjani, mwombe mwenzako akupakilie yeye, mara risasi ya kweli, mara bandia, bila kukuambia. Ikitokea bandia ukaona mdomo wa bunduki umechupa, umepata jibu la nusu ya ile sahani ya wali.

Fanya hayo kwa wiki tatu, kisha pima tena kwa dumu. Ukija Mwanza, bunduki iwe tupu na bolti imetolewa na kufungwa kivyake, kitabu cha leseni mkononi, na ile karatasi ya namba zako, za kabla na za baada. Na usiilaze tena kwenye ule mkoba wa ngozi, kama mzee aliacha nao. Ngozi inashika unyevu wa ziwa na kuuegemeza kwenye chuma usiku kucha. Itundike kabatini, imefungwa kwa ufunguo, hewa ipite.